Mbusa, Jembe Lililokataa Kurudi

Vijana wangu, siku ile mliponiita karakanani kwenu mkaniuliza, "Muzee, recherche mulikuwa munaifanyaka namna gani bila ordinateur?", yaani utafiti bila kompyuta, nilicheka, nikamaliza chai yenu, nikaondoka bila kujibu. Njiani nikaona haya. Jibu ninalo, ila haliingii katika kikombe kimoja cha chai. Lina majembe sita, bidoni moja, yaani dumu, ya mafuta na mama mmoja wa Masereka, na mpaka mwezi uliopita lilikuwa halijaisha.

Nitaandika Kiswahili cha kitabu kwa sababu nilikipata kwa shida. Nilisoma masomo ya jioni miaka mingi kuliko ile Nuhu aliyojengea safina, nikitoka kazini na masizi mpaka ndani ya masikio, na mwalimu wa fizikia alinipa pointi moja ya bure kila siku ambayo sikukoroma. Diploma nikapata. Kazini wakaniita Cours du Soir, yaani Masomo ya Jioni, na jina hilo likanifuata mpaka kanisani. Mchungaji mwenyewe nusura alitumie siku ya harusi yangu. Lakini watu wangu nitawaacha waseme kama walivyosema. Nikiwavika koti la shule hawatatambulikana.

Kiwanda chetu cha chuma kilikuwa hapa Butembo, jina lake tuliache lipumzike. Tuliyeyusha ferraille: resori za malori, injini zilizokufa, mageti yaliyopinda. Tukatoa vyuma vya kujengea nyumba, na majembe. Tanuru kubwa likifunguliwa, naapa, kuku wa majirani walitaga mayai ya kuchemshwa. Nyuma ya bohari kulikuwa na chumba kimoja cha bati ambacho patron alikiita labo. Ndani mlikuwa na meza, jiwe la kunolea la umeme tuliloita meule, tanuru dogo la makaa, mapipa mawili, na sumaku tuliyoing'oa kutoka baffle, spika ya kwaya iliyokuwa imekufa. Hiyo ndiyo ilikuwa ordinateur yetu.

Mwenye chumba alikuwa Papa Muhindo, mhunzi mtoto wa mhunzi, mtu mfupi mwenye viganja vipana kama sahani za harusi. Shule hakuiona sana, lakini niliona maingenieur, wahandisi wa kutoka mbali, wakikaa juu ya bidoni mbele yake na kuandika.

Alinifundisha hivi, nanyi mshike. Ukiokota chuma usichokijua, kiguse kwenye meule na uangalie cheche. Zikitoka ndefu, zimenyooka kama nyuzi, chuma hicho ni laini, kifanye msumari. Zikipasuka mwishoni na kuchanua matawi mengi, kina kaboni, kinaweza kuwa kisu ama jembe. Ukitaka kiwe kigumu, kipashe moto mpaka sumaku ikatae kukishika, ongeza moto kidogo tu, halafu kizamishe. Hapo kimekuwa kigumu lakini kina hasira, jiwe la kwanza litakipasua. Donc unakisugua king'ae, unakirudisha juu ya moto mdogo, na unaangalia rangi zikitembea juu yake. Vitabu vyangu vya jioni viliziita rangi hizo kwa digrii. Papa aliziita nyasi kavu, asali, maracuja, lile tunda la zambarau, halafu jupe ya mwanafunzi, ile sketi ya buluu. Jembe linatolewa kati ya maracuja na jupe. Nikichelewa alisema, "Jupe imepauka. Anza tena."

Mchana jua linadanganya rangi ya moto, kwa hiyo dirisha tulilifunika kwa magunia ya viazi. Na mwisho wa yote alilining'iniza jembe kwa waya, akaligonga na kusikiliza. Jembe bovu linasema pwa, limenyamaza. Jembe zuri linasema ngéé, na ile ngéé inatembea.

Sasa jambo la majina, maana kila kitu kilitokea hapo. Papa hakupenda namba. Ninyi wa hapa mnajua, ila karatasi hii ikifika mbali, wajue kwamba kwetu mtoto wa kiume anapata jina kwa kufuata alivyozaliwa: wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Papa alichukua mstari huohuo akaupa majembe ya essai, yale ya majaribio. La kwanza kutoka motoni lilikuwa Mumbere, la sita Mbusa. Yeye mwenyewe Muhindo, yaani mvulana aliyekuja baada ya wasichana watupu, hakuwa na nafasi katika mstari, labda ndiyo sababu aliupenda.

Nilimuuliza siku moja, diploma yangu ikiwa ingali na joto, "Papa, juu ya nini tusiandike tu moya, mbili, tatu?"

"Namba unasahauka," akasema. "Mutoto wenye ulipatia jina, utamusahau?"

Majina hayo yalituletea msiba wa bure. Katika majaribio ya mwanzo, kabla ya majembe sita ya hadithi hii, Papa alinituma kwa patron nimwambie kwamba essai ya tatu imeshindwa. Nilimkuta kwenye geti anaongea na watu, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Patron, Kasereka amevunjika. Vipande viwili." Tulikuwa na Kasereka wanne kiwandani. Kabla ya saa sita, wake wanne, mama wakwe watatu na nusu ya mtaa walikuwa getini wanalia. Kasereka wa soudure, yule mchomeleaji, akatoka ndani mzima, anatafuna muhogo. Mke wake akamzaba kofi.

"Juu ya nini unanipiga?"

"Juu ya machozi yangu. Kumbe nimelia bure."

Basi, turudi kwenye kazi. Wakati huo maduka ya mjini yalikuwa yamejaa majembe ya kutoka nje, mepesi, yamepakwa rangi nzuri. Patron akaingia labo na koti lake, hakukaa.

"Papa Muhindo, bamama ba Masereka banasema jembe yetu inapasukaka ku mawe. Ile ya inje inakunjamaka. Munitafutie moya yenye haipasuke na haikunjame. Musimu moya. Mukikosa, hii chumba nageuza depo ya simenti."

Akatoka.  Mimi niliangalia mikono ya Papa na kuelewa kwamba chumba kikifungwa, mtu huyu hana mahali pengine pa kuiweka.

Tulianza. Resori moja ya lori tuliikata majembe sita. Mumbere na Kambale tuliyazamisha katika maji. Kasereka, Kakule na Katembo katika huile nyeusi ya vidange, ile inayomwagwa injini ikibadilishiwa oili, iliyochoka, yenye maji na mchanga ndani. Papa hakuridhika na ile nyeusi. Mimi nilikuwa naenda Beni kumwona dada yangu mkubwa, naye akanishika bega.

"Cours du Soir, uniletee mafuta. Muzuri, hapana ile nyeusi."

Alitaka huile mpya ya injini, kutoka kwa fundi wake mmoja wa malori. Sasa mniambie ninyi: mtu wa Butembo akitumwa Beni kuleta mafuta mazuri, analeta nini? Huile ni huile ya injini, mazut ni dizeli. Mafuta ni mafuta ya kupikia. Nilizunguka soko zima nikichovya kidole na kulamba, mpaka nikampata mama mmoja mwenye mawese mekundu kama jua.

"Mama, hii ni ya leo?"

"Ya hii asubui, Papa. Ata haiyajua kama ilitoka ku ngazi," akasema, yaani tunda la mchikichi.

Nilirudi Butembo juu ya moto, ile pikipiki ya kukodi, bidoni kati ya magoti, nikiikumbatia kama mtoto wa ubatizo. Lazima mjue pia kwamba macho ya Papa yalikuwa yanakwenda. Moto ulikuwa umeyala kidogo kidogo. Rangi ya chuma kilichowaka aliiona bado, lakini bidoni na mbuzi kwake vilikuwa kitu kimoja. Nikamwaga mafuta katika pipa la maji, nimeshalimwaga na kulikausha. Akatoa jembe la sita motoni, nikajaribu sumaku, ikakataa. Akalirudisha motoni, akahesabu pumzi tatu, akalizamisha.

Moshi ukatoka mweupe na mtamu. Papa akasimama, koleo mkononi.

"Cours du Soir."

"Papa."

"Nani anapika?"

"Hakuna mutu, Papa. Ni ile mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya Beni. Muzuri."

Alinusa pipa muda ambao ningemaliza Zaburi zote, na zile ndefu nirudie. Mlangoni kulikuwa kumejaa watu, wawili na sahani, Kasereka wa soudure na muhogo wake. Patron akapasua katikati yao.

"Hii ni labo ao restaurant?"

Nilitamani niingie mwenyewe ndani ya pipa.  Papa alilitoa jembe, akasubiri lipoe, tukalisugua, tukalirudisha juu ya moto mdogo, na kwa sababu rangi za juu ya chuma hakuziona tena vizuri, akaazima macho yangu. Aliweka mkono begani kwangu.

"Rangi gani sasa?"

"Asali, Papa."

"Ngoya."

"Maracuja."

"Ngoya kidogo."

"Inaanza jupe."

"Tosha."

Akalining'iniza, akaligonga. Ngéé. Ile sauti ilitoka labo, ikapita bohari, ikaenda, na mimi nasema ilifika Beni kuwashukuru wenye mafuta. Watu wa sahani wakashusha sahani zao. Papa akacheka taratibu, akiwa amefumba macho.

"Andika: Mbusa, mafuta ya Beni. Na hapana futa."

(Mkitaka kujaribu, mkae na kifuniko cha chuma karibu na pipa. Mawese yakishika moto hayasikii maombi.)

Majembe yote sita niliyapeleka mwenyewe Masereka, kwa akina mama sita wa kilima kimoja. Tulipatana: walime nayo msimu mmoja, kisha wayarudishe tuyapime, tuwape mapya. Nilimkabidhi kila mmoja jembe na jina lake, kama lilivyoandikwa katika daftari. La sita nililipeleka kwa Mama Masika, ambaye shamba lake lilikuwa na mawe kuliko viazi.

"Huyu naye jina yake ni nani?" akaniuliza.

"Mbusa."

Aliliangalia kwa muda. "Mbusa," akasema, akalipokea kwa mikono miwili. "Wasingya." Asante kama hiyo, ya sauti ya chini, ilikuwa kubwa mno kwa jembe la kuazima. Mimi sikuona kitu. Masomo ya jioni hayakuwa na somo hilo.

Msimu ulipoisha nikapanda kuyachukua. Mumbere alikuwa amepasuka. Kambale amepasuka. Kasereka amejikunja kama ulimi wa mbwa, Kakule na Katembo wameota meno. Lakini sikuhuzunika hata kidogo, vijana. Nilikuwa nakimbia kwa Mama Masika, maana moyoni nilijua: ama kosa langu lilikuwa kosa, ama lilikuwa jibu, na jibu lilikuwa katika nyumba ile.

"Mbusa ako ku shamba," akasema.

Nikarudi juma lililofuata. "Mbusa anapumuzika."

Mara ya tatu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, tutakupatia mbili mupya," nikamwambia.

"Mutoto, banamubadilishaka na babili?"

Nilidhani ananichezea. Nilishuka na hasira kutoka kilima kile, nikamwambia Papa kwamba yule mama ametuibia. Papa akasema tu, "Kama alikatala kumurudisha, basi ni muzuri."

"Papa, patron hapana kula 'basi'. Anataka rapport."

Rapport nikaiandika. Mistari mitano imejaa, wa sita una jina tu. Patron aliisoma amesimama. Alikuwa na watu wengi wa kulisha na sikumlaumu, hata leo. Akapanda ndege katika uwanja wa Mavivi, akarudi na catalogue ya majembe ya nje, na mwezi huohuo mifuko ya simenti ikaingia labo. Mimi nikapelekwa kukata vyuma vya kujengea, kazi ambayo hata mbuzi aliyefundishwa vizuri angeiweza. Papa Muhindo akaenda nyumbani, na macho yakafunga kabisa.

Nilikuwa nampitia baada ya ibada. Alikaa nje, uso juani, na kabla ya salamu aliuliza, "Mbusa alirudi?"

"Bado, Papa."

"Akirudi, unimugongee. Macho ilienda, lakini masikio ingali yangu."

Niliahidi kila mara. Kwa nini sikupanda tena Masereka? Mwanzoni ni hasira, halafu aibu ya kumwomba mama wa watu kitu kwa mara ya nne, halafu barabara ikawa mbaya, na mbaya ya namna zote mnazozijua. Papa alikufa akisubiri. Siku ya mazishi patron alileta simenti ya kaburi, na nadhani ilitoka katika kile chumba.

Nimestaafu sasa. Nina kiti, nina wajukuu wanaonipanda kichwani, mke wangu ananiambia nimenenepa. Lakini anapokaanga kitunguu kwa mawese, nageuka kutafuta koleo. Nikiona mtoto wa shule anapita na jupe ya buluu, nasema kimoyomoyo, tosha, toa. Na bega langu hili la kushoto, ambapo mkono ule ulikaa, mvua ikikaribia linakuwa zito. Mke wangu anasema ni uzee. Namwacha aseme.

Mwezi uliopita, swali lenu likanifukuza. Nikalitoa daftari sandukuni, nikachukua sumaku ya baffle na kile chombo cha kupimia unene nilichosahau kurudisha kiwandani, nikapanda pikipiki mpaka Masereka. Mama Masika alikuwa ameshafariki. Mlangoni nikamkuta mwanamke wa makamo, sura ileile, mikono kiunoni vilevile.

"Mimi ni mutu wa kiwanda," nikaanza. "Zamani nilikuyaka hapa juu ya jembe moya."

Akanitazama kutoka kofia mpaka viatu. "Njo weye wa Mbusa?"

Nikavua kofia.

"Mama alisema utarudia," akasema. "Alisema utakuya na batu, bapolisi. Tulikungoya sana. Ikala, Papa."

Aliitwa Kahindo, msichana aliyekuja baada ya wavulana watupu. Nikakaa juu ya kigogo alichonionyesha, na hapo hesabu ikaanza kuniingia polepole, mimi mwenye diploma.

"Kaka zako ni bangapi?"

"Batano. Mumbere mpaka Katembo. Mama alikuwa anangoya Mbusa, nikakuya mie. Baba alimutania kila siku: Mbusa yako iko wapi? Halafu weye ukatokea na jembe, unasema jina yake Mbusa." Akacheka, akajifuta jicho kwa kiwiko. "Mama akaingia nayo mu nyumba, akamuambia Baba: angalia, alifika. Sasa utoke kwenu, ukuye kusema arudishe?"

Ndiyo hayo, vijana. Mkipeleka essai kwa mtu, muulizeni kwanza ana watoto wangapi.

Kahindo akaingia ndani, akatoka na Mbusa. Mpini ulikuwa mpya, na mwingine mpya kabla ya huo, alisema. Chuma kilikuwa kimelika mpaka kubaki upana wa kiganja, cheusi, laini kama kijiko cha zamani. Nilikigeuza huku na huku nikitafuta ufa. Nilipitisha ukucha ukingoni mwote. Hakuna ufa. Hakuna meno. Nikaweka macho usawa na bapa lake, halikujikunja hata kwa unene wa karatasi. Miaka yote ile, katika mawe yale. Nikapima, nikaandika, nikajaza mstari wa sita safu kwa safu: moto, mafuta, unene, ufa, kukunjama. Ikabaki safu ya mwisho, ile ya sauti, ambayo Papa alikuwa anaijaza yeye kwa kunitamkia. Nilitafuta kitu cha kugongea. Mkono haukukubali kumgonga bila Papa kusikiliza.

"Papa, umalize," Kahindo akasema, anaangalia mlima. "Mvua inakuya, na ile msitari ya chini hatuyachimbua."

Nikamrudishia. Alilipokea kwa mikono miwili, akashuka kati ya matuta. Nami nikabaki juu ya kigogo, daftari gotini, kalamu juu ya ile safu tupu. Akainua, akashusha. Udongo tu. Akainua tena, akashusha, udongo. Mara ya tatu chuma kikakutana na jiwe.

Nilifumba macho. Sauti ikapanda matuta, ikanipita, ikaenda upande wa Butembo, kwenye kaburi la simenti. Nikaandika ngéé, kisha nikaacha kalamu iongeze é nyingine, na nyingine, mpaka karatasi ikaisha.